Ngozi ya Mgonjwa Anayetumia Dawa za Akili

Labda nyumbani mwako yumo mtu anayetumia dawa za maradhi ya akili au za kifafa. Siku moja unamtazama, unaona ngozi yake si kama ilivyokuwa. Uso umekuwa mweusi kuliko tumbo, au mabaka yametokea kifuani, au anajikuna usiku kucha. Jirani mmoja anasema, «Mwaona? Amelogwa tena.» Mwingine anasema, «Ni sumu ya vile vidonge, vitupeni chooni.» Wote wawili waweza kukuletea hasara kubwa. Yule wa kwanza atakupeleka kwa mfumu saa ile ungepaswa kuwa njiani kwenda hospitali. Yule wa pili atamrudishia mgonjwa wazimu wake au kifafa chake, kwa ajili ya upele ambao pengine haukutoka katika dawa hata kidogo.

Basi tujifunze kuitazama ngozi. Dawa ya akili haikai kichwani peke yake. Huingia tumboni, ikapita katika damu, ikafika mwili wote, hata ngozini. Kuna namna mbili ambazo huonekana mara nyingi. Ya kwanza husumbua tu. Ya pili yaweza kuua. Mtu asiyejua kuzitofautisha atakimbia bure, au atakaa nyumbani siku isiyofaa kukaa.

Namna ya kwanza ni jua. Iko dawa iitwayo klorpromazini, ambayo wazee wengi waliijua kwa jina la Largactil. Ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, na watu wengi waliofungwa kamba au kuwekwa vyumbani wakaweza kuketi tena na jamaa zao. Ni dawa ya msaada mkubwa. Lakini inaifanya ngozi isivumilie jua kama zamani.

Watu wa Masisi, ninyi hasa angalieni. Milimani kwenu kuna baridi, na mtu hudhani kwamba jua halina nguvu. Sivyo. Kadiri unavyopanda juu, ndivyo jua linavyozidi kuunguza, ijapokuwa upepo ni wa baridi. Mchunga ng'ombe aliye malishoni tangu asubuhi, au mama anayelima viazi kilimani bila kitambaa kichwani, akitumia klorpromazini ataungua bila kusikia joto. Huko Walikale msitu una kivuli, walakini anayevuka mto Lowa kwa mtumbwi adhuhuri, au anayechimba kasiteriti kule Bisie mahali miti ilipokatwa, hana kivuli.

Utajuaje kwamba ni jua? Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya husema, «Ngozi itakuwa nyekundu.» Ngozi yetu haiwi hivyo. Itakuwa nyeusi zaidi, au ya rangi ya zambarau, nayo itakuwa ya moto na yenye uchungu ukiigusa. Baada ya siku chache itachunika. Mvue shati umtazame. Kama uso, shingo na mgongo wa mikono vimebadilika, na mahali palipofunikwa na nguo ni pazima, basi jua ndilo lililofanya hivyo. Mgonjwa huyu asiache dawa yake. Avae kofia pana na mikono mirefu, alime asubuhi mapema na jioni, naye amwambie mwuguzi. Kama malengelenge yametoka, asingoje siku ya kadi yake, aende mapema. Mwenye ualbino anayepewa dawa hii amkumbushe mganga jambo hilo, kwa maana ana hatari mbili.

Wengine waliotumia klorpromazini nyingi kwa miaka mingi huona uso umegeuka rangi kama ya majivu yenye ubluu. Haiumi. Wenyewe huona haya, na wengine huacha kwenda kanisani wala sokoni. Wasifiche. Mganga aweza kupunguza dawa au kuwapa nyingine, na rangi ile hupungua polepole. Atayatazama na macho pia, kwa kuwa dawa hiyo yaweza kuacha alama ndani ya macho.

Sasa namna ya pili. Hapa soma polepole, na kama hujui kusoma vizuri, mwombe mtu akusomee mara mbili.

Dawa hizi ni karbamazepini, ambayo wengi huiita Tegretol, fenobarbitali, yaani Gardenal, fenitoini, na lamotrijini. Hutumiwa kwa kifafa, na karbamazepini na lamotrijini hutumiwa pia kwa mtu ambaye mara ana furaha kupita kiasi na mara ana huzuni nzito. Miili mingine huzikataa. Katika watu 100 wanaoanza karbamazepini, 5 hata 10 hivi hupata upele, na wengi wao hupona bila shida dawa ikibadilishwa. Lakini wachache sana, kwa hesabu ya Ulaya mtu 1 hata 6 katika watu 10,000, hupata ugonjwa ulioelezwa mwaka 1922 na waganga wawili wa Marekani, Stevens na Johnson. Katika ugonjwa huo ngozi hufa na kuchunika kama ya mtu aliyeunguzwa na maji ya moto. Ukifika umbo lake zito, hata katika hospitali kubwa hufa watu 3 hivi katika 10.

Karibu sikuzote huja katika miezi miwili ya kwanza tangu kuanza dawa. Kwanza mgonjwa ana homa, koo linauma, macho yanachoma. Watu husema ni malaria au mafua. Baada ya siku moja, mbili au tatu hutokea mabaka meusi kifuani na usoni, nayo yanauma kuliko kuwasha. Ndipo vidonda hutoka mdomoni, machoni na sehemu za siri, na malengelenge juu ya ngozi. Umbo jingine la kukataa dawa huvimbisha uso na matezi ya shingo, na macho yakawa ya manjano, kwa kuwa ini nalo limeumia.

Ukiona upele wowote katika miezi miwili hiyo, mpeleke mgonjwa kituo cha afya siku ile ile, kabla hajameza kidonge kinachofuata. Lakini ukiona homa pamoja na mabaka, au vidonda mdomoni, au macho mekundu, au malengelenge, au uso umevimba, usimpe tena dawa hiyo, ukaondoke naye kwenda hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, hata kama ni kwa tipoyi. Chukua pakiti ya vidonge mkononi. Mwenye kifafa akiacha dawa ghafula aweza kushikwa na kifafa kisichokoma, kwa hiyo lazima awe mahali penye wauguzi watakaompa dawa nyingine.

Njiani mlaze juu ya shuka iliyofuliwa, mfunike asipate baridi, mnyweshe maji kidogo kidogo. Usitoboe malengelenge. Usipake mawese, majivu wala majani. Nimeona watu wema wakifanya hivyo kwa upendo, na kidonda kikaingiwa na uchafu. Wala msimwogope mgonjwa huyu: haambukizi.

Utauliza, «Na kama si dawa?» Ni swali jema, maana katika nchi yetu ngozi ina adui wengi. Katika kambi za wakimbizi upele wa wadudu huenea haraka. Huwasha usiku, hukaa katikati ya vidole, na wote walalao pamoja hujikuna. Ugonjwa wa macho uletwao na nzi weusi wa mito huwasha miaka mingi na kuikunja ngozi. Surua nayo huanza na homa na macho mekundu. Tena tangu 2023 namna mpya ya ndui ya nyani, ambayo siku hizi huitwa mpox, iliyoonekana kwanza Kamituga katika Kivu ya Kusini, ilienea hata ikafika kambi za Goma. Vipele vyake vina usaha na matezi huvimba. Kwa hiyo si kazi yako kuhukumu. Kazi yako ni kumfikisha mgonjwa na kusema anakula dawa gani, tangu siku gani.

Tena sema dawa zote. Bactrim na Fansidar, ambazo watu hununua sokoni bila karatasi, zaweza kuleta ugonjwa ule ule wa kuchunika. Mara nyingi dawa ya akili hulaumiwa, kumbe ni kidonge cha sokoni.

Jambo jingine lahusu wanaokimbia. Januari 2025 vita viliingia Masisi penyewe, na Machi vikafika Walikale. Wengi waliacha dawa zao ndani ya nyumba. Kama ulikuwa unatumia lamotrijini, ukaikosa siku tano au zaidi, usirudi kumeza vidonge vile vile kama zamani. Dawa hii huanza kwa kidogo sana, ikaongezwa wiki kwa wiki. Ukiianza kwa wingi, ngozi ina hatari zaidi. Nenda kwa mwuguzi akuanzishe upya. Wala usipewe vidonge na jirani mwenye maradhi kama yako.

Mgonjwa akipona, andikeni kwenye kadi yake, kwa herufi kubwa, jina la dawa iliyomdhuru. Asiimeze tena maisha yake yote. Tena muwe na akili hapa: karbamazepini, fenitoini na fenobarbitali ni kama watoto wa mama mmoja. Aliyeumizwa na moja mara nyingi huumizwa na nyingine, na katika vituo vidogo fenobarbitali ndiyo iliyo karibu. Mwuguzi akitaka kumpa, mwonyesheni kadi. Daktari atatafuta dawa ya ukoo mwingine, kama valproati, ambayo nayo haiwafai wanawake wenye umri wa kuzaa kwa ajili ya hatari kwa mtoto tumboni.

Wengine wenu mlianzishiwa dawa Goma, katika kituo cha Tulizo Letu cha watawa waitwao Frères de la Charité, au Bukavu katika SOSAME, mkarudi nyumbani na pakiti peke yake. Pakiti hupotea, huloa mvua, huchukuliwa na watoto. Jina la dawa liandikwe mahali pawili: kwenye kadi, na kwenye kipande cha karatasi ambacho mama wa nyumba hukifunga katika pindo la kitenge chake.