Lugha ya Ugenini Isiwe Ukuta Ndani ya Ndoa

Leo tuzungumzie jambo ambalo wachumba hulipuuza, lakini ambalo huweza kuitikisa ndoa: mmoja anapomfuata mwenzake mahali ambapo hajui lugha.

Mimi ni Mgusii wa Nyamira na mke wangu ni Mjaluo. Tulipofunga ndoa mwaka 2005 tulizungumza Kiswahili, nami nikadhani yatosha. Kumbe jikoni, shambani na kisimani kwetu, lugha ni Ekegusii. Mama yangu alijua Kiswahili cha sokoni tu.

Juma la kwanza mama alimwagiza amache, yaani maji. Katika Dholuo, mach ni moto. Mke wangu akaenda kwa jirani, akarudi na kaa la moto juu ya kigae. Ndugu zangu walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikacheka kuwashinda wote. Kisha nikaisimulia habari hiyo sokoni, na hata katika jumuiya ndogo ndogo.

Tangu siku hiyo hakujaribu tena kusema Ekegusii. Akiulizwa neno, alinitazama mimi. Nikawa mkalimani wake, na nakiri kwamba nilipenda hali hiyo. Niliyotaka nilitafsiri, nisiyotaka niliyaacha.

Mwaka uliofuata, akiwa na mimba ya miezi minane, nilikwenda semina ya makatekista kwa siku 3. Usiku wa pili akaanza kutokwa na damu. Aligonga mlango wa wazazi, lakini maneno hakuwa nayo. Baba alikuwapo, na kwa sababu ya chinsoni, ile heshima yetu kati ya mke wa mwana na baba mkwe, hakuthubutu kuonyesha kwa mikono. Mama akadhani ni tumbo tu. Akampa uji, akamwambia akalale. Damu ilionekana asubuhi, ndipo wakambeba hadi hospitali. Mungu alitusaidia, mama na mtoto walipona. Lakini daktari aliniuliza, "Mbona hamkumleta usiku?" Sikuwa na jibu. Nilijua ni kicheko changu kilichomfunga mdomo.

Ndugu msomaji, shida hii si ya Gusii peke yake. Mapadre wa Mill Hill waliofika Nyabururu zaidi ya miaka 100 iliyopita walilazimika kujifunza maneno yetu kama watoto. Askofu wa kwanza wa Kisii, Maurice Otunga, aliyewekwa mwaka 1960, alikuwa Mbukusu. Leo wako pia walei wanaotumwa umisionari mbali, mume, mke na watoto. Fikiria familia inayopelekwa Amerika ya Kusini kujifunza Kihispania. Huko aliyeoa huitwa casado, na aliyechoka huitwa cansado. Mgeni akiteleza ulimi kidogo tu, atautangazia mkutano kwamba amechoka, na huku alitaka kusema ana mke! Kama watu watacheka naye kwa upendo, kesho atasema tena. Wakimcheka, atanyamaza.

Basi tuzingatie haya manne:

1. Usimcheke mwenzako mbele ya watu. Kosa lake la lugha ni siri ya nyumba, kama zilivyo siri nyingine. Akitaka kulisimulia, alisimulie mwenyewe.

2. Usimfanye mtoto kuwa mkalimani wa mambo ya watu wazima. Watoto hushika lugha upesi. Lakini mtoto akimtafsiria mama yake kwa daktari, anabeba mzigo usio wake, na mama anaficha mengine kwa aibu.

3. Anzeni na maneno ya hatari. Kabla ya methali na mafumbo, mgeni ajue kusema: naumwa, damu, mtoto, nisaidie, niitie fulani. Ajue pia maneno gani hayasemwi mbele ya mkwe, na ni nani wa kumwendea badala yake.

4. Mwenyeji naye ajifunze. Ruthu alimfuata Naomi mpaka Bethlehemu, nasi humsifu. Lakini tusimwachie Ruthu kazi yote. Mume akijua kuwasalimu wazazi wa mkewe kwa lugha yao, mke huona kwamba hakuacha kila kitu nyuma yake.

Mimi nilianza kwa kumwomba mke wangu msamaha, kisha nikamwomba mbele ya ndugu zangu wale wale. Kila jioni baada ya chakula tulikaa nusu saa. Mama alimfundisha maneno matatu ya Ekegusii, naye akanifundisha matatu ya Dholuo. Nilipokosea walicheka wote wawili, na nilistahili. Baada ya mwaka mmoja mke wangu na mama walikuwa wakiongea kisimani hata wakanisahau. Siku mama alipougua, ni mke wangu aliyemweleza muuguzi kila kitu, wala hakuhitaji mkalimani.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

– Je, katika nyumba yetu kuna mtu anayenyamaza kwa sababu aliwahi kuchekwa?

– Mke wangu au mume wangu akipatwa na hatari usiku nami sipo, anaweza kuwaeleza watu wangu?

– Mimi mwenyewe najua maneno mangapi ya lugha ya wakwe zangu?