UNAUZA BAISKELI ILIYOBADILISHWA RINGI? SOMA HII KABLA HUJAPOSTI

Mimi nauza baiskeli za mtumba na vipuri hapa Masasi. Wateja wangu wengi wananipata WhatsApp, na wengi wao wako kule juu Newala. Ufundi sikuusomea. Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza kukaa na fundi chini ya mwembe mpaka nikafungua kibanda changu. Leo nawapa somo ambalo mimi nimelilipia.

Msimu wa korosho unajua ulivyo. Wakulima wakishalipwa, simu hainyamazi. Nikaposti kruza moja, zile baiskeli za usukani mpana na tairi nene, saizi 26. Mzee mmoja wa kijijini Newala akauliza, "Mwanangu, tairi zake huku nitapata?" Swali la maana kabisa. Duka la kijijini utakuta tairi za 28 kama za Phoenix, ila zile nene za kruza ni shida. Nikamjibu, "Usijali mzee, nakuwekea ringi za 28." Akatuma hela, nikafunga, nikapiga picha, nikapakia kwenye basi.

Siku ya tatu akanitumia sauti: "Mwanangu, baiskeli uliyonitumia haina breki." Alikuwa anateremka bondeni kuchota maji na madumu matupu. Akaona haisimami, akaruka. Goti likachubuka, ringi ya mbele ikapinda. Kama angekuwa anashuka na mzigo, tungekuwa tunaongea mengine.

Kosa lilikuwa langu, na liko hapa. Ile kruza ilikuwa inasimama kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Breki yake iko ndani ya habu ya gurudumu la nyuma. Mimi nilipotoa gurudumu lote nikaweka la 28 la kawaida, nikawa nimeitoa na breki. Ya mbele niliyofunga mpira wake ulikuwa unagusa ukingo wa tairi, haushiki ringi.

Sasa tujifunze, moja moja.

1. USIAMINI "26" NA "28" PEKE YAKE
Soma ubavuni mwa tairi, tafuta namba ya tarakimu tatu baada ya kistari. Hicho ni kipenyo cha ringi kwa milimita, pale tairi linapokalia.
- 635: 28 ya baiskeli za mizigo kama Phoenix
- 622: nayo wengine wanaiita 28, na ndiyo hiyo hiyo 29 ya mlimani
- 590: 26 nyembamba, zipo nyingi kwenye mtumba wa Japani
- 559: 26 nene ya kruza na ya mlimani
Tairi la 590 halikai kwenye ringi ya 559, hata kama zote zimeandikwa 26. Mteja akikuuliza tairi, muombe picha ya ubavu wa tairi lake la zamani.

2. PIMA NAFASI KWENYE FREMU
Gurudumu la 28 x 1½ lina kimo kama sentimita 71 na nusu. La kruza, 26 x 2.125, ni kama 67. Kwa hiyo kila upande tairi linapanda kama sentimita mbili. Toa madigadi, weka gurudumu, zungusha. Likikaribia kugusa fremu, acha. Mchanga wetu ukilowa unaganda hapo na gurudumu linakwama.
Ukifanya kinyume, fremu ya 28 ukaivika 26, baiskeli nzima inashuka. Pedeli zinagonga chini kwenye kona.

3. BREKI NDO KILA KITU
Breki za kushika ringi zinafungwa kwa saizi moja. Kutoka 559 kwenda 635, ukingo wa ringi unasogea karibu sentimita nne. Mpira wa breki haufiki.
Breki ya habu haijali saizi ya ringi. Nilitakiwa kuihamishia habu ile ile kwenye ringi ya 28 na kununua spoku ndefu. Ila hesabu matundu kwanza! Habu za kruza nyingi zina matundu 36, wakati ringi za 28 za mizigo huwa 32 mbele na 40 nyuma. Tafuta ringi ya 36. Na ule mkono wa breki ufungwe imara kwenye fremu, la sivyo breki haishiki.

4. SUMAKU MFUKONI
Ekseli ikiwa pana kuliko nafasi ya nyuma, fremu ya chuma unaweza kuitanua kidogo taratibu. Ya aluminiamu usiguse, inapasuka. Sumaku ikinasa ni chuma.

5. ANDIKA UKWELI KWENYE POSTI
Siku hizi naandika hivi: "Kruza, fremu ya chuma. Ringi zimebadilishwa, sasa 635. Breki ya kukanyaga nyuma, imejaribiwa na mzigo. Haina madigadi." Halafu naweka video fupi nikiwa naendesha na kufunga breki. Kuna wanaosoma wakaahirisha, sawa tu. Anayenunua anajua anachonunua.

Baiskeli ya mzee niliirudisha Masasi kwa nauli yangu, nikaisuka upya na habu yake, nikanunua ringi mpya. Faida yote iliishia hapo. Nikaipeleka mwenyewe Newala. Mzee hakuipokea. Akafunga madumu mawili ya maji nyuma, akanielekeza njia ya bondeni, akasema, "Shuka nayo wewe kwanza."

Nikashuka. Ikasimama. Ndipo akaichukua.