Zailini katika Maabara ya Tishu: Je, Ipo Njia Iliyo Salama Zaidi?

Mgonjwa mwenye uvimbe kwenye titi anapokatwa kinyama kwa ajili ya uchunguzi, jambo analolisubiri ni jibu moja tu: ni saratani au siyo? Aghalabu ndugu yake hukabidhiwa kichupa chenye kinyama hicho ndani ya fomalini akipeleke maabara, kisha huambiwa arudi baada ya siku kadhaa. Yanayotendeka katika siku hizo hayaonekani na wengi. Makala haya yanahusu kimiminika kimoja kinachotumika katika kipindi hicho, yaani zailini: kazi yake, madhara yake kwa wanaoivuta kila siku, na njia za kuipunguza au kuiondoa pasipo kuliharibu jibu la mgonjwa.

Kazi ya zailini

Ili tishu isomeke kwenye hadubini, hapana budi ikatwe vipande vyenye unene wa maikroni 3 hadi 5, vyembamba mno kuliko unywele wa mtu. Kinyama laini hakikatiki hivyo. Kwa sababu hiyo hujazwa nta ya parafini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 56 hadi 60 hivi za Selsiasi na kuganda ikipoa. Tatizo ni kwamba tishu imejaa maji, na maji na nta havipatani. Basi maji huondolewa kwanza kwa alkoholi ambayo nguvu yake huongezwa hatua kwa hatua, kuanzia asilimia 70 hadi 100. Hata hivyo alkoholi nayo haipatani na nta. Anahitajika mshenga anayekubalika pande zote mbili, na mshenga huyo kwa miongo mingi amekuwa zailini: huitoa alkoholi na kuipisha nta.

Kipande kikishakatwa na kubandikwa kwenye slaidi, zailini huitwa mara ya pili ili iyeyushe nta na kuziachia nafasi rangi za hematoksilini na eosini. Huitwa mara ya tatu baada ya kupaka rangi, kabla ya slaidi kufunikwa kwa kioo, kwa kuwa inaupinda mwanga karibu sawa na kioo na hivyo huifanya tishu ing'ae. Msomaji azikumbuke mara hizi tatu, maana urahisi wa kupata mbadala haulingani katika zote.

Madhara yake

Zailini ni hidrokaboni itokanayo na petroli, na imo pia katika thina na rangi nyingi za mafuta. Ilipokewa maabara kama nafuu ya benzini, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza, yaani la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Zailini haimo katika kundi hilo. Lakini kuwa nafuu ya benzini si sifa kubwa. Mvuke wake huwasha macho na koo, huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Ikigusa ngozi mara kwa mara huikausha hata ikapasuka. Anayevuta mwingi kwa muda mrefu huweza kudhurika mfumo wa fahamu na hata usikivu. Huweza pia kupita kondo la nyuma, ndiyo maana mfanyakazi mjamzito anapaswa kupangiwa kazi mbali na mvuke huu bila kusubiri aombe.

Sheria ya Marekani inaruhusu wastani wa sehemu 100 za zailini katika sehemu milioni moja za hewa kwa saa 8 za kazi. Mwaka 2021 chama cha wataalamu wa usafi wa mazingira ya kazi nchini humo, ACGIH, kilishusha pendekezo lake kutoka 100 hadi 20. Tofauti hiyo yatosha kumfanya msimamizi wa maabara asiridhike kwa kuambiwa tu kwamba kiwango hakijavukwa.

Kuna mambo matatu ambayo nimeona yakiwapotosha hata wenye uzoefu. La kwanza ni kuitegemea pua. Harufu ya zailini hutambulika ikiwa hewani kwa kiasi kidogo sana, lakini baada ya muda pua huizoea na mtu hudhani hewa imetakata. La pili ni barakoa ya upasuaji na glavu nyembamba: barakoa hiyo haizuii mvuke, na zailini hupenya glavu za mpira, na hata za nitrili zilizo nyembamba, kwa muda mfupi. La tatu ni dirisha la juu. Mvuke wa zailini ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara tatu. Hutua chini, kwenye meza na sakafu, wakati feni ya darini inauzungusha tu. Kinachofaa ni kabati la kufyonza mvuke linalofanya kazi, au kifyonzaji kilichowekwa usawa wa meza.

Zaidi ya hayo kuna moto. Mvuke wa zailini ya kawaida ya maabara huweza kuwaka kimiminika kikifika nyuzi joto 27 hivi. Vitabu vingi vya mwongozo viliandikwa katika nchi ambazo nyuzi hizo ni joto la kiangazi. Dar es Salaam mwezi Februari ni joto la asubuhi.

Kwa daktari au muuguzi wa kliniki: anapokuja mtu anayelalamika kuumwa kichwa kila alasiri, na kichwa hicho hupoa siku za mapumziko, aulizwe anafanya kazi gani. Ikiwa ni maabara ya tishu, au upakaji wa rangi, mkojo wake wa mwisho wa zamu unaweza kupimwa asidi ya methilihipuriki, ambayo ni zao la zailini mwilini.

Mbadala, na kasoro zake

Rahisi kuliko zote ni mara ya pili, ile ya kuyeyusha nta kwenye slaidi. Imethibitika kwamba maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo kwa asilimia 1.7, yakipashwa moto hadi nyuzi 90, huiondoa nta vizuri, na slaidi ikasuuzwa na kupakwa rangi kama kawaida. Gharama yake ni ndogo na haina mvuke wa sumu. Inataka uangalifu wa maji ya moto na slaidi zinazoshika vyema, kwani kipande kilichobandikwa ovyo huelea. Katika mara ya tatu, slaidi huweza kukaushwa kabisa katika tanuri dogo la maabara kisha ikafunikwa bila kuchovywa; gundi nyingi za kufunikia bado zina zailini ndani yake, lakini tone moja si sawa na ndoo.

Mara ya kwanza ndiyo ngumu. Limonini, inayotolewa katika maganda ya machungwa, huuzwa kama kiyeyushi cha asili, na jina hilo huwavutia wengi. Ikikaa hewani hubadilika na kuwa kiamsha mzio wa ngozi, na harufu yake kali huwachosha watu. Asili siyo usalama. Alkoholi ya isopropili, ikitumiwa pamoja na nta ya moto, huweza kufanya kazi ya mshenga peke yake, nayo haina sumu kali kama zailini. Ila mvuke wake huwaka kwenye nyuzi 12 hivi, chini kuliko zailini yenyewe. Anayeikubali apange upya uhifadhi wake kwanza.

Lililo karibu nasi zaidi ni mafuta ya nazi. Watafiti nchini India waliyajaribu badala ya zailini wakaona kuwa tishu hupokea rangi vizuri na husinyaa kidogo zaidi. Hayana mvuke wa kudhuru. Kasoro yake ni uzito: hupenya polepole, hivyo hudai muda mrefu zaidi, na huganda kwenye nyuzi 24 hivi. Tanga hilo si tatizo. Njombe asubuhi ya Julai mtungi utakuwa umeganda mpaka upashwe moto. Binafsi nayaona yanafaa katika maabara ndogo zinazochakata sampuli chache kwa mkono, kuliko katika mashine kubwa zilizopangwa kwa zailini.

Kubadilisha kiyeyushi kwa pupa kuna hatari yake. Katika miaka ya 1999 na 2000 huko California, mafundi magari walipatikana wakiwa na ganzi na udhaifu wa miguu na mikono kutokana na heksani, iliyokuwamo katika dawa za kusafishia breki. Heksani ilikuwa imeongezeka humo pale viyeyushi vyenye klorini vilipoanza kuachwa kwa sababu ya sumu yake. Waliondoa hatari moja, wakaweka nyingine.

Kwa hiyo mbadala hujaribiwa kabla ya kuaminiwa. Tishu iliyobaki, ambayo uchunguzi wake umekwisha, hugawanywa nusu kwa nusu: moja hupita njia ya zamani, nyingine njia mpya. Mwanapatholojia husoma slaidi zote bila kujua ipi ni ipi. Achaguliwe kwa makusudi mfano wa tishu yenye mafuta mengi, kama ya titi, kwa kuwa hiyo ndiyo hushindwa kwanza. Kamwe jaribio lisifanywe kwa kinyama pekee cha mgonjwa. Kiini cha seli kikionekana chenye ukungu, saratani huweza kusomwa kama uvimbe usio na madhara, na hapo tutakuwa tumemwepushia fundi maumivu ya kichwa kwa gharama ya titi la mtu.

Maabara isiyoweza kubadilisha lolote leo bado ina la kufanya: vifuniko kwenye mitungi yote, ujazo mdogo wa kumwaga, na zailini chakavu ikusanywe katika chombo chenye lebo, isimwagwe sinkini. Vituo vya afya vinavyosoma makohozi kwa ajili ya kifua kikuu havihitaji zailini kusafishia lenzi. Huweza kulegeza gundi inayozishika. Mafuta ya sanisi hufutika kwa karatasi laini ya lenzi mara tu kazi inapokwisha.

Na ndugu wa mgonjwa aliyekabidhiwa kichupa: hakikisha kifuniko kimekazwa, kisiwekwe kapu moja na chakula, wala kisifunguliwe ili kutazama. Fomalini nayo imo katika lile kundi la kwanza. Kikimwagika usiongeze maji wala spiriti; mwambie mhudumu wa maabara pale pale, kwa maana kinyama kilichokauka huenda kisisomeke tena.