SOMO: OILI YA GIABOKSI ILIYOSAHAULIWA



Kikundi kikinunua gari kuukuu la kubeba abiria na mizigo kati ya Lodwar na Kakuma, kila mtu hukumbuka oili ya injini. Ya giaboksi husahauliwa, hasa gari likiwa la otomatiki. Giaboksi ikifa, akiba ya kikundi huenda nayo. Basi gari likiwa limekaa miaka mingi bila kubadilishiwa oili hiyo, tufanyeje?

KAZI YA OILI HII
Oili hii inalainisha na kupoza. Zaidi ya hayo, presha yake ndiyo inayosukuma sahani za klachi zishikane ndani ya giaboksi. Adui yake ni joto. Hapa kwetu joto mara nyingi hupita nyuzi 35. Gari likikwama kwenye mchanga wa laga, na dereva akizidi kukanyaga mafuta huku magurudumu yanazunguka bure, oili inaungua. Heri mshuke, mchimbe mchanga, msukume.

TAZAMENI KWANZA
Vuteni kijiti cha giaboksi, mfute oili kwa kitambaa cheupe.
- Nyekundu: bado nzuri.
- Kahawia: imechoka, ibadilishwe.
- Nyeusi yenye harufu ya kuungua: sahani zimeanza kuisha.
- Kama chai ya maziwa: maji yameingia. Msiendeshe, iteni fundi.

Kama injini inanguruma lakini gari haliendi, au gia zinateleza, oili mpya haitaponya. Msitumie pesa za kikundi kabla fundi hajapima.

KUBADILISHA POLE POLE
Wengine husema ukigusa oili ya zamani gari litakufa. Mara nyingi gari hilo lilikuwa linakufa tayari. Lakini kusukuma oili yote kwa mashine ya presha kunaweza kuamsha uchafu uliolala na kuziba njia nyembamba. Kwa hiyo:

1. Someni kitabu cha gari au maandishi ya kijiti mjue aina ya oili. Probox nyingi za zamani za gia 4 hutumia T-IV. Zile mpya zaidi ni za CVT, na zina oili yake. Msichanganye, wala msitie oili ya injini.
2. Simamisheni gari mahali tambarare, mzuie magurudumu. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.
3. Hakikisheni nati mnayofungua ni ya giaboksi. Wengi wamemwaga ya giaboksi wakidhani ni ya injini.
4. Pimeni iliyotoka, kisha mrudishe kiasi hicho hicho. Hutoka lita 3 hivi. Nyingine nyingi hubaki ndani.
5. Fundi akifungua sampu, tazameni sumaku. Tope laini la kijivu ni kawaida. Vipande vya chuma ni hatari. Filta isafishwe au ibadilishwe.
6. Endesheni mpaka oili ipate moto. Injini ikiwa inanguruma, pitisheni gia zote, mrudi P, ndipo mpime. Isizidi alama, isipungue.
7. Baada ya safari chache za Kakuma, rudieni tena, hata mara ya tatu.

Gari lisilo na kijiti, pamoja na la CVT, lipelekwe kwa fundi anayelijua. Likiharibika njiani, msilivute magurudumu yanayoendesha yakiwa chini.

OILI CHAFU
Msiimwage kwenye laga. Ndimo tunamochimba visima vya kunywa watu na mifugo. Wekeni kwenye mtungi wenye kifuniko, mpelekee fundi anayekusanya.

MASWALI YA KIKUNDI
1. Gari letu lilibadilishwa oili ya giaboksi lini? Nani ameandika?
2. Tunaweka kiasi gani kila mwezi kwa matengenezo?
3. Dereva wetu akikwama mchangani, tumemwambia afanye nini?

Anzeni leo na daftari moja la gari: tarehe, kilomita, aina ya oili, na jina la fundi.