Somo la Mwezi: Polepole, kwa Mwendo wa Watoto

Kusoma: Mwanzo 33:1–17, Hesabu 12:10–16, Kumbukumbu la Torati 25:17–19, Luka 2:41–46



Baadhi yenu mlituuliza baada ya Misa, "Habari za milimani?" nasi tukajibu, "Nzuri," kwa haraka, tukageuza maneno. Sasa nitawaeleza habari yote, maana nimeona kwamba habari ile na somo la mwezi huu haviachani.

Mwezi wa Julai tulitoka watu tisa wa mtaa wetu kwenda kupumzika katika milima ya Usambara ya Magharibi. Walikuwako vijana watano, mwalimu mmoja mstaafu, akina mama wawili wa Umoja wa Mama, na mimi niliyewekwa kuwa mkuu wa safari. Tulikusudia kwenda kwa miguu siku tatu, toka Lushoto hata Mtae, bila kumwajiri mtu wa kutuongoza njia. Wako waliotucheka. Walisema, wazee wetu walitembea kwa kukosa nauli, na ninyi mnalipa nauli ili mpate mahali pa kutembea! Ni kweli, inachekesha. Lakini Bwana wetu aliwaita mitume wake watoke katika msongamano wa watu, waende faraghani wakapumzike kidogo, kwa kuwa hawakuwa na nafasi hata ya kula (Marko 6:31). Tena milima ile si migeni kwa Kanisa letu. Mwaka 1867 Padri Charles Alington wa UMCA alipanda mpaka Vuga kuomba ruhusa ya kufundisha katika nchi ya Wasambaa, na kutokana na safari ile tulipata Magila. Yeye hakupanda kwa basi.

Sisi tulipanda kwa basi, toka Mombo, kilometa 33 hivi za kona na mabonde, kupitia Soni. Mombo ni joto la tambarare. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na usiku wa Julai mtu wa pwani hutafuta blanketi la pili. Asubuhi tulipata kibali na kulipa kiingilio cha msitu wa Magamba, kwa sababu ni hifadhi ya serikali na haifai kupita kama wezi. Ndani ya msitu ule mna miti ya mkulo mikubwa sana, na mbega weusi wenye mabega meupe wakiruka juu. Jua halifiki chini. Mwalimu mstaafu alituambia tunyamaze, nasi tukanyamaza karibu saa nzima, jambo ambalo vijana wetu hawalifanyi hata kanisani.

Siku ya kwanza tulilala Lukozi, penye soko la mboga. Kabichi, karoti na viazi mnavyovila mjini vyatoka huko. Siku ya pili tulifika Rangwi, tukalala kwa masista wa Kikatoliki waliotupokea kwa wema mwingi. Siku hizo mbili zilikuwa njema kweli. Tulisali asubuhi na jioni, tulisalimiana na watu mashambani, na kila mara tulipokuta njia panda tuliuliza. Asiye na kiongozi hana budi kuuliza, na kuuliza kwenyewe kulitupatia marafiki.

Mabaya yalikuwa siku ya tatu.

Mtae ni kijiji kilichojengwa kwenye ncha ya mlima, mahali ambapo Usambara inakatika ghafla. Ukisimama pale unaona nyika ya Mkomazi chini yako na milima ya Upare mbele, na siku isiyo na mawingu hata Kilimanjaro. Vijana walitamani kufika kabla jua halijatua. Mimi nami nilitamani, nisiwasingizie vijana. Mmoja wa akina mama, mwenye umri wa zaidi ya miaka sitini, goti lilikuwa limeanza kumwuma tangu Rangwi. Alikuwa akisema, "Nendeni tu, mimi nakuja." Nasi tuliposikia neno hilo tulilipokea kama ruhusa. Mama mwenzake alibaki naye. Sisi saba tukakaza mwendo.

Saa kumi jioni ukungu ulipanda kutoka bondeni, na baada ya robo saa hukuweza kuona mtu aliye hatua ishirini mbele yako. Tulifika Mtae tukiwa tumelowa, na jua hatukuliona hata kidogo. Tuliketi, tukanywa chai, tukangoja. Saa kumi na mbili. Saa moja. Simu ya mama mmoja ilikuwa imekwisha chaji, ya mwenzake haikupatikana. Ndipo nilipokumbuka ile njia panda ambapo sisi tulimwuliza mtoto mchunga mbuzi, wala hatukuacha hata jiwe au tawi la kuwaonyesha wanaokuja nyuma tumeshika upande gani.

Walikuwa wameshika upande wa kuteremka. Mama mmoja Msambaa aliyebeba kuni aliwakuta, akatua mzigo wake, akawarudisha mpaka barabarani, kisha akawasindikiza hadi tulipokutana nao njiani na tochi zetu. Ilikuwa saa mbili kasoro. Yule mama yetu mzee hakutugombeza. Aliniangalia tu, akasema, "Mwanangu, mlinileta milimani mje kuniacha?" Sikuwa na jibu. Sina hata leo.

Na tufungue sasa Mwanzo 33. Yakobo anarudi kwao baada ya miaka ishirini kwa Labani. Amekutana na Esau, ambaye alikuja na watu mia nne, na badala ya vita wamekumbatiana na kulia. Esau kwa furaha anasema waondoke pamoja, yeye atatangulia. Yakobo anakataa kwa adabu. Asema kwamba watoto ni wachanga, na kondoo na ng'ombe wananyonyesha. Wakiharakishwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Bwana wake atangulie. Yeye atakwenda polepole, kwa kadiri ya mwendo wa wanyama walio mbele yake na mwendo wa watoto. Esau anataka angalau kumwachia watu wachache wa kumsindikiza, naye Yakobo anasema hawahitaji.

Angalieni kwanza neno la siku moja. Yakobo alikuwa mchungaji wa kazi. Hakuwa akisema mafumbo. Mchungaji ajua kwamba mnyama anayenyonyesha hafi kwa umbali wa safari. Hufa kwa siku ile moja aliyokimbizwa. Sisi nasi siku mbili tulikwenda vizuri, na madhara yote yalitokea katika saa tatu za haraka. Nadhani hata katika nyumba zetu ndivyo ilivyo. Baba mvumilivu mwaka mzima, akamwaibisha mtoto wake siku moja mbele ya watu. Mtoto atakumbuka ipi?

Pili, ni nani aliyeweka mwendo? Esau ana nguvu, tena ana nia njema, lakini mwendo wake ni mwendo wa wanaume mia nne. Yakobo anauweka mwendo mikononi mwa wasioweza hata kusema. Yusufu alikuwa bado mtoto mdogo. Mwana-kondoo hasemi, "Nimechoka." Na mtu mzima mwenye adabu naye hasemi, asema, "Nendeni tu, mimi nakuja." Basi msingoje mtu alalamike ndipo mpunguze mwendo.

Kuna jambo jingine ambalo kwa miaka mingi sikuliona. Someni mwisho wa sura ya 32. Usiku wa kabla ya hayo, kwenye kivuko cha Yaboki, Yakobo ameshindana hata alfajiri, na jua lilipomzukia huko Penieli alikuwa akichechemea. Mtu anayesema habari ya watoto na wanyama ni mtu mwenye nyonga iliyoteguka! Pengine asingalijua kupima mwendo wa wanyonge kama mguu wake mwenyewe usingemfundisha. Siku ile mimi miguu yangu ilikuwa mizima, na huo ndio uliokuwa upofu wangu.

Hata hivyo tusimfanye Yakobo kuwa malaika. Alimwambia Esau atamfuata mpaka Seiri, na mstari wa 17 wasema alikwenda Sukothi, akajijengea nyumba. Watoto walikuwa sababu ya kweli, tena walikuwa kisingizio cha kumkwepa ndugu yake. Biblia haifichi. Wako kati yetu wanaosema "twende polepole" kwa kuwa hawataki kwenda kabisa. Wajumbe wa kamati ya ujenzi wananielewa.

Maandiko mengine matatu nayataja kwa ufupi. Katika Hesabu 12, Miriamu ametengwa nje ya kambi siku saba, kwa kosa lake mwenyewe, na taifa zima halikusafiri mpaka aliporudishwa. Katika Kumbukumbu la Torati 25, Waamaleki hawakupiga mbele ya msafara. Walipiga mkia, wale wanyonge waliosalia nyuma wakiwa wamechoka. Adui ajua mahali pa kupiga. Na katika Luka 2, Mariamu na Yusufu walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani Mtoto yumo katika msafara. Hawakuwa wazazi wabaya. Kila mmoja alidhani yuko na mwingine, kama sisi saba tulivyodhani kwamba mama wawili wanatosha kulindana.

Kurudi kwetu tulifanya hivi. Asubuhi tuliomba msamaha, mmoja mmoja, kabla ya chai. Badala ya kutembea tena tulirudi Lushoto kwa basi, na pale Irente, penye ukingo wa mlima karibu na mji, tulimaliza matembezi kwa kilometa chache tu, mama mzee akitangulia mbele na fimbo yake, na mimi nikiwa wa mwisho kabisa. Alisimama mara nyingi. Alisimama kutazama maua, kuongea na wenye mashamba, kupumua. Tulitumia karibu saa tatu kwa njia ambayo vijana wangeimaliza kwa saa moja na nusu, na ndiyo siku wanayoisimulia zaidi.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, twataka kwenda tena wakati wa kiangazi, tusikutane na matope ya masika. Watakaopenda wajiandikishe mapema. Kila mtu alete sweta, koti la mvua, viatu alivyokwisha kuvizoea (vipya vitakutoa malengelenge), chupa ya maji na tochi. Wawili watawekwa kuwa mkia wa safari, nao hawataruhusiwa kumpita mtu yeyote. Penye njia panda wote watangojana. Mama yetu amekwisha kujiandikisha; jina lake ni la kwanza.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi: Katika mtaa wetu, ni nani husema "nendeni tu, mimi nakuja"? Je, kuna saa ya ibada, michango au mkutano wetu wo wote uliowekwa kwa mwendo wa wenye nguvu? Esau alitoa msaada kwa moyo mwema, Yakobo akaukataa; alifanya vema au vibaya? Na yule mama wa kuni, ambaye hatukumwuliza hata jina kwa haya tuliyokuwa nayo, tungempelekeaje shukrani?