Mwanya kati ya Hodhi na Ukuta: Tuuzibe Namna Gani?



Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tunaitumia sana mikutanoni, mara nyingi tukizungumzia deni au ugomvi. Katika somo hili tunaichukua jinsi ilivyo: kuna ufa, na kuna ukuta.

Siku hizi vikundi vingine vinajenga vyumba vya wageni au vya kupangisha ili kuongeza mapato. Badala ya vigae, kuna mafundi wanaofunika ukuta wa bafu kwa paneli za plastiki, kwa sababu ni nyepesi na hazipitishi maji. Chini yake wanaweka hodhi la kuogea, yaani lile beseni refu ambalo mtu hulala ndani. Paneli haipitishi maji, na hodhi pia halipitishi maji. Lakini pale vinapokutana pana mwanya, na hapo ndipo hasara inapoingilia.

Hasara yenyewe ni ipi?

Maji yakipita nyuma ya paneli huyaoni. Yanalowesha mbao zinazoshikilia paneli, nazo zinaanza kuoza. Mchwa nao hupenda mbao zenye unyevu. Kama ukuta ni wa matofali ya udongo yasiyochomwa, unalainika na kumomonyoka kutoka chini. Kuvu inaota. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliosema wazi kwamba unyevu na kuvu ndani ya nyumba vinahusiana na pumu na shida nyingine za kupumua.

Kwa mbele paneli bado inang'aa, kumbe nyuma mambo yameharibika. Siku mtakayogundua, mtatafuta pesa za kujenga upya, na pesa hizo zitatoka kwa akiba ya mama aliyeuza mayai na mzee aliyeuza mbuzi wake.

Kwa nini simenti haifai?

Wako mafundi wanaojaza mwanya huo kwa simenti nyeupe. Wiki ya kwanza inapendeza. Lakini hebu tupige hesabu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Hodhi likitiwa lita 120, hizo ni kilo 120. Mtu wa kilo 70 akiingia, jumla ni kilo 190. Hodhi linashuka kidogo sana, na maji yakitolewa linapanda tena. Paneli nayo hutanuka kukiwa na joto na kujivuta kukiwa na baridi. Simenti haiwezi kufuata mwendo huo, basi inapasuka. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kupitisha maji.

Kwa hivyo tunahitaji kitu kinachonyumbuka. Nacho ni silikoni ya bafuni, ile yenye dawa ya kuzuia kuvu. Inauzwa kwa mrija wa karibu mililita 300, na inasukumwa kwa bunduki yake.

Hatua za kufuata

1. Hakikisheni hodhi limetulia. Mtu asimame ndani na kuegemea huku na huku. Likicheza, rekebisheni miguu yake kwanza. Hakuna silikoni itakayodumu kwa hodhi linalotikisika.

2. Ondoeni uchafu na silikoni yote ya zamani, kwa sababu mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Kwangueni polepole, msikwaruze hodhi. Kisha pangusani kwa spiriti, mwache pakauke kabisa.

3. Pimeni mwanya. Milimita 3 hadi 5 ni sawa. Ukiwa mpana zaidi, ingizeni ndani kamba ya sponji inayouzwa kwa kazi hiyo. Silikoni inatakiwa kushika pande mbili tu, paneli juu na hodhi chini, ndipo iweze kuvutika.

4. Jazeni hodhi maji kabla ya kuziba, bila kulowesha ukingo. Hatua hii inasahauliwa sana. Hodhi likiwa na uzito, mwanya unafunguka kadiri unavyoweza. Ukiliziba likiwa tupu, mtu wa kwanza kuoga atavuta silikoni mpaka ibanduke.

5. Bandikeni selotepu ya karatasi juu na chini ya mwanya ili kazi iwe safi.

6. Kateni ncha ya mrija kwa mshazari. Sukumeni silikoni kwa mkono mmoja wa polepole, bila kuacha nafasi. Laini kwa kidole kilichochovywa katika maji ya sabuni, halafu ondoeni selotepu mara moja kabla haijaanza kukauka.

7. Acheni saa 24, maji yakiwa bado ndani. Fungeni mlango kwa kufuli! Hodhi lililojaa maji ni hatari kwa mtoto mdogo, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana.

Mkienda dukani

Someni maandishi ya mrija: je, ni ya bafuni? Tarehe ya kuisha haijapita? Pia jueni kwamba kuna silikoni inayonuka kama siki wakati wa kukauka. Hiyo ina asidi inayoweza kula mabati, na haishiki vizuri kwenye simenti. Kama ukuta wenu ni wa mabati, au bafu halina hodhi na paneli inakutana na sakafu ya simenti, ulizeni ile isiyo na asidi. Kwa bafu la namna hiyo hatua ni zile zile, ila hakuna haja ya kujaza maji.

Kabla ya kulipa salio

Silikoni ikishakauka, wanachama wawili wamwage maji kwenye kiungo kwa dakika 10, huku wengine wakichungulia chini ya hodhi na upande wa pili wa ukuta. Pakiwa pakavu, fundi alipwe. Pakiwa na maji, arudie. Andikeni tarehe kwenye daftari la kikundi, kisha mkague kila baada ya miezi 3. Mkiona weusi, silikoni kubanduka, au mkisikia harufu ya uvundo, msingoje.

Maswali ya kujadili

1. Katika majengo yetu, ni wapi vitu viwili vinakutana na maji yanapita?
2. Nani katika kikundi atakabidhiwa kazi ya kukagua?
3. Mrija mmoja unauzwa pesa ngapi dukani kwetu, na kujenga ukuta upya kutatugharimu kiasi gani? Andikeni hesabu hizo mbili ubaoni, wanachama wote wazione.