Likizo ya Mombasa bila presha: panga pesa yako ukiwa bado Kisii au Nyamira

Bonasi ya majani chai ikishaingia, karibu Oktoba, nyumba nyingi za Kisii na Nyamira huanza kuulizana: je, mwaka huu watoto wataiona bahari? Swali ni zuri. Shida ni kwamba pesa hiyo hiyo inangojewa na karo ya Januari, mbolea na Krismasi. Ndiyo maana familia nyingine huenda Mombasa ikafurahi siku mbili, halafu ikarudi na deni la mkopo wa simu.

Likizo ya kutulia hupangwa nyumbani. Yale makubwa, yaani nauli na mahali pa kulala, yakiwa yamelipwa au yametengewa pesa kabla ya kutoka, kinachobaki njiani ni chakula na matembezi. Somo hili linakuonyesha jinsi ya kupanga hivyo kwa simu yako, na jinsi ya kujikinga na matapeli wa nyumba za likizo.

1. Chagua wiki kwanza

Wengi husafiri wiki ya Krismasi. Hapo nyumba za Pwani hupanda bei, matatu za Kisii zinapandisha nauli na tiketi za treni zinaisha mapema. Lakini wanafunzi wasio na mtihani wa kitaifa hufunga shule mwishoni mwa Oktoba. Kwa hivyo, kama ratiba ya kazi inakuruhusu, Novemba ni bora zaidi. Mvua za vuli zinaweza kunyesha kidogo, lakini Mombasa hata siku ya mvua ina joto, si kama baridi ya Keroka au Nyansiongo.

Usijaze ratiba. Kama nyinyi ni Wasabato, ihesabu Jumamosi kuwa siku ya kanisa na kupumzika, msiiweke kuwa siku ya kusafiri. Mfano wetu hapa chini unaanza Jumapili na kuisha Jumapili inayofuata.

2. Andika hesabu yote, hata makato

Tuchukue familia ya watu watano kutoka Keroka: wazazi wawili, mtoto wa miaka 14, wa miaka 9 na wa miaka 2. Bei nyingi hapa ni za kukadiria, kwa hivyo weka zako.

- Matatu Keroka hadi Nairobi, viti 4 kwa 1,200, kwenda na kurudi: 9,600
- Treni Nairobi hadi Mombasa, kwenda na kurudi: 10,500
- Nyumba, usiku 4 kwa 3,500: 14,000
- Chakula, siku 5 kwa 2,000: 10,000
- Tuktuk, matatu za mjini na viingilio: 6,000
- Makato ya kutuma na kutoa pesa: 900
- Dharura: 4,000

Jumla ni shilingi 55,000. Hapo Nairobi mnalala kwa jamaa, na mkungu wa ndizi kutoka nyumbani ni zawadi ya kutosha.

Hesabu ya treni imetoka wapi? Tangu Januari 2024, nauli ya daraja la kawaida kwenye SGR ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na aliye chini ya miaka 3 halipi. Kwa hiyo yule wa miaka 14 ni mtu mzima kwenye tiketi. Watu watatu kwa 1,500 na mmoja kwa 750 ni 5,250 kwa safari moja. Angalia nauli ya sasa kabla ya kulipa.

3. Weka pesa kidogo kidogo, mahali pasipoguswa

Ukingoja bonasi ibebe yote 55,000, karo itaumia. Anza Januari. Kila malipo ya mwezi ya majani chai yakiingia, au ukiuza ndizi na avokado, hamisha 3,000 siku hiyo hiyo kwenda akaunti ya akiba iliyo kwenye simu yako. Miezi 10 inakupa 30,000. Bonasi ikija itadaiwa 25,000 tu.

Bonasi ikiingia, fuata mpangilio huu: karo kwanza, shamba la pili, safari la tatu. Kama baada ya karo na mbolea hazibaki 25,000, punguza usiku mmoja Mombasa au sogezeni safari hadi Aprili. Usikope kwa simu ili kujaza pengo. Mkopo huo utaanza kukatwa kwenye pesa zitakazoingia mkiwa bado ufuoni.

4. Tiketi ya treni

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, huondokea kituo cha Syokimau, nje ya katikati ya Nairobi. Unaweza kukata tiketi kwa simu yoyote kupitia *639# na kulipa papo hapo. Zingatia haya:

- Jina na namba ya kitambulisho viandikwe jinsi vilivyo kwenye kitambulisho chako. Beba pia nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ili umri usileta ubishi.
- Usisafiri Kisii hadi Mombasa kwa siku moja kwa kutegemea kuunganisha matatu na treni. Barabara ya zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi ina foleni zake, na treni haingoji mtu.
- Fika kituoni saa moja au zaidi kabla ya treni kuondoka, kwa sababu mizigo yote hukaguliwa.
- Kata tiketi ya kurudi siku ile ile unayokata ya kwenda. Hapo hakuna atakayekwama Mombasa bila nauli.

5. Nyumba ya kulala: hapa ndipo wengi huibiwa

Utapeli huu unafanana karibu kila mara. Unaona picha za nyumba nzuri Nyali au Bamburi kwenye Facebook, bei ni nusu ya nyingine zote. Unaandika. Unajibiwa haraka, kwa heshima. Halafu unaambiwa kuna familia nyingine inaitaka, kwa hivyo tuma deposit sasa hivi. Ukishatuma, namba inazimwa. Mnafika na watoto na mabegi kwenye geti ambapo mlinzi hajawahi kusikia jina lenu.

Kabla ya kutuma hata shilingi mia, fanya haya matano:

1. Omba simu ya video. Mwenye nyumba akuonyeshe geti, jikoni, maji yakitoka bomba, na barabara iliyo nje. Aliye na picha tu atatoa visingizio.
2. Tuma mtu. Wengi wetu tuna shemeji, binamu au mtu wa kanisa anayeishi Mombasa. Mwombe apite hapo. Nauli yake ya tuktuk ni kidogo kuliko deposit itakayopotea.
3. Omba till au paybill ya biashara. Hii si dhamana kamili, lakini inaacha alama rahisi kufuatilia kuliko namba ya mtu binafsi.
4. Soma jina kabla ya kukamilisha malipo. Ikiwa uliyeongea naye anajiita Mwanaisha na simu inaonyesha jina la mtu mwingine kabisa, ghairi. Maelezo kwamba "hiyo ni laini ya ndugu yangu" hayatoshi.
5. Lipa kidogo, malizia mlangoni. Kwenye mfano wetu wa 14,000, usiku mmoja, yaani 3,500, unatosha kushikilia nyumba. Salio la 10,500 lipa ukiwa ndani na ufunguo mkononi.

Anayekataa yote matano anakuambia ukweli bila kujua. Tafuta nyumba nyingine.

6. Mkiwa Mombasa

Gawa pesa kwenye laini mbili. Mama ashike ya matumizi ya kila siku, baba ashike ya nyumba na dharura, au kinyume chake. Simu moja ikiibiwa au ikiingia maji ya chumvi, bado mnakula jioni. Ukienda ufuoni, acha simu kubwa kwenye nyumba na ubebe mulika mwizi yenye laini ya matumizi.

Toa pesa taslimu mara moja kwa siku mbili, badala ya kutoa mia tano tano, kwa sababu kila kutoa kuna makato. Madafu, mahamri, viazi karai na tuktuk vinahitaji noti ndogo. Kwa farasi, ngamia, mashua au mpiga picha, ulizeni bei ya jumla kabla ya kupanda: ni kwa mtu mmoja au kwa wote? Ni dakika ngapi? Kisha lipeni baada ya kushuka.

Jambo moja kwa siku linatosha. Mengine ni ya bei nafuu au bure kabisa:

- Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, hauna kiingilio.
- Feri ya Likoni ni bure kwa anayevuka kwa miguu, na watoto hawaisahau.
- Jioni, upepo wa Mama Ngina ukiwa na mihogo ya kukaanga unatosha kuwa matembezi.
- Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na kuwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011, ina kiingilio. Malipo ya serikali hupitia eCitizen, paybill 222222. Mtu akikuambia utume kiingilio kwa namba yake, kataa.

Watoto wetu wamezoea mito, si bahari. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Waulize wavuvi saa za kujaa kabla ya kutembea mbali kwenye miamba.

7. Kitu kikiharibika

Ukituma pesa kwa namba isiyo yako au ukishuku umetapeliwa, pigia huduma kwa wateja wa mtandao wako papo hapo na uombe muamala urudishwe. Dakika ni muhimu, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu sana. Usifute ujumbe wowote. Piga ripoti polisi na uchukue namba ya OB.

Ukipokea ujumbe kwamba mtu amekutumia pesa kimakosa, angalia salio lako kwanza. Usimrudishie wewe mwenyewe. Mwambie apigie mtandao wake. Na kumbuka: hakuna mfanyakazi halali wa kampuni ya pesa za simu atakayekuuliza namba yako ya siri, iwe ni Kisii, Mombasa au kwenye treni.

Kabla ya kufunga mlango wa nyumba

- Karo ya Januari imetengwa?
- Tiketi za kwenda na kurudi zimelipwa?
- Nyumba imeonekana kwa video au kwa macho ya jamaa?
- Pesa iko kwenye laini mbili?
- Wazazi wote wawili wanajua namba ya huduma kwa wateja?
- Nyanya au jirani atakayebaki na ng'ombe ametumiwa pesa ya matumizi?

Kama majibu yote ni ndiyo, safari njema. Mkirudi nyumbani Jumapili jioni, karo itakuwa bado ipo na hamtadaiwa na mtu.